Saa ya Babu haikwenda Burma

Wadau, leo siasa tunaiweka pembeni kidogo. Wiki tatu hizi nikitoka kazini nimekuwa nikisoma habari za saa. Sizungumzii hizi za kutazamia muda, maana muda sote tunautazama kwenye simu. Nazungumzia saa kuukuu za jeshi, ambazo wenzetu wa Ulaya wananunua mnadani kwa bei ya kiwanja cha Mbezi. Kwetu ukisikia neno mnada unawaza nyumba ya mtu aliyeshindwa mkopo wa benki, au ng'ombe. Kule mtu anavaa suti, ananyanyua kibao chenye namba, na saa iliyokwaruzika kila upande inaondoka na milioni mia.

Aliyeniingiza humo ni Baba Mkubwa. Alinipigia simu kutoka Muheza, nikampa shikamoo, akaitikia haraka haraka bila hata kuuliza habari za mjini. Nikajua kuna jambo.

"Mwanangu, ile saa ya babu yenu, ile ya Burma. Kuna mzungu anaitaka."

Saa ya Burma kila mtu kwetu anaijua. Inakaa kwenye kopo la biskuti, imefungwa kwenye leso, na hutolewa kwenye harusi na misiba, watoto wanaoneshwa. Babu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, na alikwenda Burma kumpiga Mjapani. Hilo halina ubishi, cheti chake cha kuachishwa jeshi mwaka 1946 kipo na nimekishika kwa mikono yangu. Saa, tuliambiwa, alirudi nayo. Binamu yangu aliipiga picha akaiweka kwenye mtandao, na kabla ya wiki kwisha bwana mmoja wa Uingereza, mfanyabiashara wa saa za kale, akaandika kwamba yuko tayari kuinunua ili aiingize mnadani. Alitaja bei. Halafu akaongeza sentensi moja ambayo ndiyo iliyomfanya Baba Mkubwa anipigie mimi na si mwanaye: kwamba kama familia itaandika barua kuthibitisha kuwa askari huyo alikuwa na saa hiyo mkononi Burma mwaka 1944, bei itapanda karibu mara mbili.

"Wewe ndiye mwandishi," Baba Mkubwa akasema. "Andika vizuri, mimi nitaweka sahihi."

Hela hiyo si ya kuchezea. Ni ada ya binamu huyo huyo, yuko mwaka wa pili chuo na bodi ya mikopo imempa nusu. Nikasema sawa, lakini nione saa kwanza. Ndivyo ilivyoanza.

Nianze na saa yenyewe. Ni ndogo kuliko mlivyozoea, haifiki hata milimita 40. Uso mweusi, tarakimu nyeupe, na chini kwenye sita kuna kiduara kidogo cha sekunde. Vile vyuma viwili vya kupitishia mkanda havitoki, vimeshikana na mwili wa saa, ili mkanda ukichanika upande mmoja saa isianguke porini. Mgongoni imechongwa herufi W.W.W., chini yake alama ya mshale mpana ambao ukiutazama haraka utadhani ni unyayo wa kuku, kisha herufi P na tarakimu zake. Tarakimu hizo sizitaji hapa. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Huo unyayo wa kuku ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, imetumika kwa karne nyingi kwenye mizinga, magogo, blanketi, hata nguo za wafungwa. W.W.W. ni kifupi cha maneno ya karani wa bohari: saa, ya mkono, isiyoingiza maji. Katikati ya vita jeshi la Uingereza lilikuwa na shida ya saa. Viwanda vyake vilikuwa vimeelekezwa kwenye silaha, na saa za raia zilizokuwa zikinunuliwa hovyo hovyo zilikuwa zinakufa kwa vumbi na maji. Wakaandika masharti: uso mweusi, tarakimu na akrabu zinazong'aa gizani, mashine ya vito 15, kioo kisichovunjika kirahisi, mwili usioingiza maji. Kampuni 12 zikakubali kuzitengeneza: Buren, Cyma, Eterna, Grana, IWC, Jaeger-LeCoultre, Lemania, Longines, Omega, Record, Timor na Vertex. Wakusanyaji wa leo wanaziita Dirty Dozen, jina la ile filamu ya mwaka 1967. Yetu ni Cyma.

Hapo tu unaona mlango wa utapeli ulivyo wazi. Mtu akishapata kumi na moja, ile ya kumi na mbili atainunua kwa bei yoyote. Omega wanakadiriwa kutengeneza kama 25,000, IWC kama 6,000, lakini Grana inakadiriwa kati ya 1,000 na 5,000 tu. Kwa hiyo Grana ndiyo inayochakachuliwa kuliko zote. Fundi anachukua uso wa huku, mashine ya kule, mgongo wa saa nyingine kabisa, anaunganisha, na kitu kinachotoka hakina hata kipande kimoja cha bandia ndani yake. Wenyewe wanaiita Frankenstein, kwa jina la yule mwanasayansi wa kwenye riwaya aliyeunga maiti. Hii ndiyo feki ngumu kuliko zote, kwa sababu kila kipande ukikiuliza kinajibu ukweli. Uongo uko kwenye kukutana kwao.

Na msidhani ni wajinga tu wanaoliwa. Novemba 2021 mjini Geneva, kampuni ya mnada ya Phillips iliuza Omega Speedmaster ya mwaka 1957 kwa faranga za Uswisi 3,115,500. Makadirio kwenye katalogi yalikuwa faranga 80,000 hadi 120,000. Dunia ya saa ikashangaa. Mwaka 2023 ikabainika kwamba saa ile ilikuwa Frankenstein, imeunganishwa kwa vipuri ambavyo vingi ni halali vya Omega. Na nani alikuwa ameinunua? Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Kampuni ikasema waliokuwa wafanyakazi wake walihusika, akiwemo aliyekuwa akisimamia makumbusho hayo. Mwenye mali kauziwa mali yake mwenyewe, imeungwaungwa, kwa bei ya maghorofa. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu ofisini mpaka mhariri akanitazama.

Basi, kwa kuwa sikuwa na mtaalamu wa Geneva, nikaenda na saa Kariakoo. Kuna mzee mmoja ana kameza kake barazani, amevaa ile lenzi ya jicho moja, amefungua saa tangu enzi za Mwalimu. Aliiweka kwenye kitambaa, akaigeuza, akasema jambo la kwanza ambalo karibu linivunje moyo: "Hii naisafisha, naipiga rangi uso wake, naing'arisha mwili, kesho unaichukua mpya." Nusura nimnyang'anye. Kwetu kitu kikiwa kipya ndiyo mali. Kwa hawa wa minadani ni kinyume kabisa: ukipaka uso rangi umeua nusu ya bei, ukiung'arisha mwili umekula kona zake na kufuta makali ya zile herufi, na hakuna wa kukurudishia. Nilimweleza, akaniona mwendawazimu, lakini akakubali kuifungua tu bila kugusa kitu.

Mambo aliyonionesha mzee huyu ni yale yale niliyokuja kuyasoma baadaye kwa wataalamu wa mbali. Jambo la kwanza ni kwamba mashine ifanane na jina. Kila kampuni ilikuwa na mashine yake kwenye saa hizi: Omega ni 30T2, Longines ni 12.68Z, Jaeger-LeCoultre ni 479. Ukifungua Omega ukakuta mashine nyingine, funga, nenda nyumbani. Yetu ilikuwa mashine ya Cyma, imeandikwa Cyma. Kisha nakshi za mgongoni. Mzee aliziinamisha saa mbele ya mwanga wa dirisha, akaniambia nitazame mikwaruzo. Kwenye saa iliyovaliwa miaka 20, mikwaruzo inakatiza juu ya herufi, inaingia na kutoka, na midomo ya herufi imelainika kama ngazi za msikiti wa zamani. Kwenye nakshi ya juzi herufi zimekaa juu ya mikwaruzo, kali, kina kimoja mwanzo mpaka mwisho. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini sitakiwi kutaja tarakimu zetu: matapeli huchukua namba ya saa halali waliyoiona kwenye picha, wanaichonga kwenye nyingine. Zikitokea saa mbili zenye namba moja, hata ile halali inatiliwa shaka.

Mgongo wetu ulifaulu. Mzee akasema saa hii ni ya kweli, haina mchezo. Nikashusha pumzi, nikaanza hata kuitunga ile barua kichwani.

Halafu akanyamaza. Akasogeza lenzi. "Hii herufi hapa usoni ni ya nini?"

Kwenye uso wa saa kulikuwa na alama ya T ndogo ndani ya duara. Nilikuwa nimeiona tangu utotoni, sikuwahi kuiuliza.

Hapa inabidi niwapitishe kwenye kemia kidogo, vumilieni. Saa za jeshi za wakati wa vita zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani. Radiamu huchanganywa na zinki salfaidi. Mionzi ya radiamu inaipiga zinki, zinki inatoa mwanga. Wasichana waliokuwa wakipaka nyuso za saa kule Marekani baada ya vita ya kwanza walikuwa wakichonga ncha ya brashi kwa midomo, na wengi waliumwa mifupa ya taya na kufa, kisa ambacho kinastahili makala yake siku nyingine. Radiamu inapungua nusu kila baada ya miaka 1,600, kwa hiyo saa ya mwaka 1945 bado inatoa mionzi leo kama siku ile ile. Kilichokufa ni zinki. Ndiyo maana rangi halisi ya wakati huo sasa imekuwa kahawia, haing'ai hata ukiimulika kwa tochi. Mtu akikuuzia saa ya mwaka 1944 ambayo ukizima taa inawaka kama taa ya bodaboda, jua imepakwa juzi. (Na tafadhali mwenye saa ya namna hiyo asiifungue na kuukwangua uso wake kwa udadisi. Vumbi lake si la kuvuta.)

Miaka ya 1960 jeshi la Uingereza liliamua kuachana na radiamu, likahamia tritiamu, ambayo ni dhaifu zaidi na hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Saa mpya zilizotolewa zikawekewa alama ya T ndani ya duara, ili fundi wa bohari ajue anashika nini. Saa za zamani nazo hazikutupwa. Zilirudishwa karakana, zikavuliwa zile nyuso za radiamu, zikavishwa nyuso mpya zenye T. Wanunuzi wachanga wakiiona T kwenye saa ya mwaka 1945 hupiga kelele kwamba ni feki. Si feki. Ni uso wa jeshi lenyewe, umewekwa na jeshi lenyewe, kwa sababu za jeshi lenyewe. Bei yake hushuka kidogo kwa wale wanaotaka kila kitu cha siku ya kwanza, lakini ni saa halali kwa asilimia mia.

Mnaona tunakoelekea? Mimi nilichelewa kuona. Nilikuwa kwenye daladala narudi Sinza ndipo ikanipiga. Kama uso huu uliwekwa na karakana ya jeshi la Uingereza miaka ya 1960, basi miaka ya 1960 saa ilikuwa bado bohari ya jeshi la Uingereza. Haikuwa Muheza. Babu aliachishwa mwaka 1946. Saa aliyokuja nayo nyumbani mwaka 1946 isingeweza kurudi Uingereza kubadilishwa uso kisha ikajirudisha kwenye kopo la biskuti.

Nikaanza kulipima upya lote, sasa kwa jicho la mwandishi, si la mjukuu. Kumbe hata bila ile T mambo yalikuwa hayakai sawa. Saa za W.W.W. zilianza kupokelewa na jeshi mwaka 1945, nyingine vita ikiwa imeshakwisha. Babu, kwa cheti chake na kwa aliyowasimulia wanawe, alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Hao ndio waliopita bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944, bonde ambalo wenyewe waliliita la mauti kwa malaria na matope yake, wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba mwaka huo. Baada ya hapo divisheni ikaondolewa mstari wa mbele ikarudishwa India. Zilikuwepo brigedi nyingine za Afrika Mashariki zilizoendelea kupigana Burma mwaka 1945, lakini babu hakuwemo. Kwa maneno mengine, wakati babu anavuka Kabaw, saa hii ilikuwa haijafika mikononi mwa jeshi lolote.

Na kuna jingine. Saa hizi hazikuwa zawadi. Zilikuwa mali ya serikali, zinatolewa kwa mtu ambaye kazi yake inamlazimu kuwa na saa, zinaandikwa, zinarudishwa. Ndiyo maana ya ule unyayo wa kuku. Kuna picha moja ya babu akiwa na sare, amekunja mikono kifuani, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Nimeikuza kwenye kompyuta mpaka ikawa nukta tupu. Mikono ile haina kitu.

Nikajaribu kujipinga, maana ndivyo tulivyofundishwa. Labda fundi wa mtaani aliuweka uso wenye T baadaye? Vipuri vya bohari ya jeshi la Uingereza vilizagaa sokoni baada ya saa hizo kuuzwa kama mali chakavu, na Ulaya fundi yeyote angeweza kuvipata. Lakini Muheza? Au Tanga mjini, kwa fundi wa barabara ya kumi na mbili? Nikaona nimuulize mtu ambaye hakuna mwanaume wa ukoo wetu aliyewahi kumuuliza. Shangazi.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakuacha. "Saa ile? Babu yenu aliinunua kwa baharia, bandarini Tanga. Mwaka ule alipouawa Karume." Yaani mwaka 1972. Nikamuuliza, sasa mbona tunaambiwa ya Burma? Akaniangalia kama vile nimeuliza kwa nini jua linachwea magharibi. "Babu yenu hakusema hivyo hata siku moja. Alisema alikwenda Bama, na alikuwa na saa. Ninyi wanaume ndio mliounganisha."

Frankenstein, wadau. Kila kipande halali.

Nilikaa na jambo hili siku kadhaa kabla ya kumpigia Baba Mkubwa, na katika siku hizo nilisoma zaidi, nadhani nilikuwa natafuta upenyo. Badala yake nilikuta kwamba barua kama ile ndiyo uwanja mkubwa wa utapeli siku hizi. Saa za Rolex Submariner walizopewa wanamaji wa Uingereza miaka ya 1970 inakadiriwa zilikuwa kama 1,200 tu. Zina vyuma vya mkanda visivyotoka, akrabu pana kama upanga, ile T kwenye duara, na mgongoni namba inayoanza na 0552 kama ni ya jeshi la maji au W10 kama ni ya nchi kavu. Leo moja inaweza kupita pauni 100,000. Wengi waliozipata wakati ule hawakujua. Waliporudisha saa kwa matengenezo, mafundi wakawaondolea akrabu za jeshi wakawawekea za kawaida, kama huduma. Sasa kuna watu kazi yao ni kufanya kinyume, kuchukua Submariner ya raia na kuivalisha jeshi. Vyuma vinachomelewa, akrabu zinatafutwa, namba zinachongwa. Kinachobaki ni historia, na historia inaandikwa mezani: eti mjomba alikuwa mzamiaji, saa ilikutwa kwenye droo.

Kosa lao la kawaida ni kalenda. Kuna wanaouza saa ya "Vita Kuu ya Pili" yenye ile namba ndefu ya bohari, 6645-99 na kuendelea. Hiyo ni namba ya mfumo wa NATO. 6645 ni fungu la vyombo vya kupimia muda na 99 ni Uingereza. NATO yenyewe imeanzishwa mwaka 1949.

Oman nako kuna visa vyake, na nadhani baadhi yenu mna jamaa Muscat watakaocheka. Sultan Qaboos, aliyetawala tangu mwaka 1970 mpaka alipofariki Januari 2020, alikuwa akiwatunukia saa maofisa na wageni, wakiwemo Waingereza waliopigana upande wake kwenye vita ya Dhofar. Kwenye uso kunachapwa jambia la nembo ya Oman, nembo ya ukoo ule ule wa Al Busaid uliotawala Zanzibar mpaka Januari 1964. Jambia dogo tu, kama punje ya mpunga, na bei inaruka mara kadhaa. Mnaweza kukisia ni majambia mangapi yamechapwa baada ya vita kwisha. Rangi mpya juu ya uso wa zamani. Ukiikuza utaona wino umekaa juu ya nyufa badala ya kupasuka nazo.

Saa iliyonikaa moyoni kuliko zote lakini ni moja ambayo haina ujanja wowote. Koplo mmoja wa Kiingereza, Clive Nutting, alikuwa mfungwa wa Wajerumani kwenye kambi ya Stalag Luft III, kazi yake kushona viatu. Mwaka 1943 aliandika barua Geneva kuagiza Rolex kwa posta. Hans Wilsdorf, mwenye kampuni, alikuwa akiwapelekea maofisa wa Kiingereza waliofungwa saa kwa mkopo, walipe vita ikiisha, na koplo huyu naye akatumiwa yake. Ndiyo kambi ambayo Machi 1944 wafungwa 76 walitoroka kwa handaki, na 50 kati yao wakapigwa risasi baada ya kukamatwa. Saa ya Nutting ilikuja kuuzwa pamoja na barua zake: za wakati ule, zenye tarehe ya wakati ule, zilizoandikwa na watu ambao hawakuwa na faida yoyote ya kumdanganya mnunuzi ambaye alikuwa hajazaliwa. Barua ya Baba Mkubwa ingekuwa na tarehe ya mwezi huu.

Nikampigia. Nilimweleza taratibu, radiamu, tritiamu, Chindwin, picha, na mwisho Shangazi. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilidhani vocha imeisha.

"Kwa hiyo baba yangu alikuwa mwongo."

Nikamwambia hapana, Baba Mkubwa, babu hakusema. Tuliosema ni sisi.

"Na mzungu atajua?"

Hilo ndilo swali, na sikuwa na jibu la kumfurahisha. Huenda mzungu asijue. Au huenda anajua tayari, maana picha ameziona na T inaonekana wazi, na mfanyabiashara wa saa asiyejua maana ya T ni kama muuza samaki asiyejua changu. Ambaye hatajua ni mnunuzi wa mwisho, na siku akijua, sahihi chini ya barua itakuwa ya mzee wa Muheza, si ya muuzaji. Nilimwambia hivyo. Alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Siku nne hatukuzungumza, na mama alinipigia kuniuliza kwani nimefanya nini tena.

Nilichofanya ni kuandika barua nyingine. Ukurasa mmoja. Nimeeleza saa ilivyo, alama zake, mashine yake, uso wake wa miaka ya 1960. Nimeandika kwamba kwa kumbukumbu ya binti wa marehemu ilinunuliwa kwa baharia Tanga mwaka 1972 na haijatoka kwenye ukoo tangu hapo. Jumamosi nikapanda basi nikaipeleka mwenyewe. Baba Mkubwa aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kama Burma haiwezi kuingia hata mara moja tu. Nikaongeza sentensi mbele yake, kwa kalamu: kwamba mwenye saa alipigana Burma mwaka 1944, na wakati huo saa hii hakuwa nayo. Akaitazama ile sentensi. Akaweka sahihi.

Mzungu amejibu kwa mstari mmoja. Bado anaitaka, kwa theluthi mbili ya ile bei ya kwanza, ya kabla ya habari ya barua. Baba Mkubwa hajaamua. Ada inatakiwa mwisho wa mwezi, na nimesema nitaongeza nilicho nacho, ingawa mshahara wa gazeti mnaujua. Wakati huo saa ameitoa kwenye kopo la biskuti ameivaa, kwa mara ya kwanza tangu babu afariki, na inachelewa kama dakika nne kwa siku. Mwenye kumfahamu fundi wa Tanga anayeweza kuisafisha mashine bila kuugusa uso, tafadhali anishtue.